Bei ya ploti kabla ya meli

Machi 2012, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walipozindua mradi wa bandari hapa Lamu, hapakuwa na gati hata moja. Madalali wa miji ya Hindi na Mokowe, hapa hapa Lamu, hawakungoja gati. Ploti zilipanda bei, na wanafunzi wangu wa uchumi bado huniuliza zilipandishwa na nini, ilhali udongo ni ule ule na minazi ni ile ile. Zilipandishwa na matarajio. Mnunuzi alilipia reli, makontena na bomba la mafuta kutoka Sudan Kusini, vitu ambavyo havikuwepo bado.

Ludwig Lachmann, mwanauchumi Mjerumani aliyehamia Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1940 akafundisha Johannesburg, alishikilia kwamba habari haimwambii mtu la kufanya. Kila mtu huifasiri kivyake. Na ni heri iwe hivyo: kama sote tungeamini ploti itapanda, nani angekubali kuuza?

Yapo matarajio tunayoafikiana. Upepo wa kusi ukikaza, bahari huchafuka, vyombo hupandishwa pwani vitiwe kalafati, yaani vizibwe nyufa. Fundi wa majahazi wa Matondoni, muuza mbao na nahodha hawaitishi mkutano. Kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi msimu huo, hivyo mipango yao hushikana.

Bandari haina msimu. Mpango wa mwenye ploti ulitegemea mipango ya watu asiowajua. Desemba 2013 vita vilizuka Sudan Kusini. Mwaka uliofuata mji wa Mpeketoni, humu Lamu, ukashambuliwa. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Gati la kwanza, kati ya 32 zilizopangwa, lilifunguliwa Mei 2021.

Lililobaki ni lile Lachmann alilolipenda zaidi (nami pia): mtaji una umbo. Pesa ikishakuwa kitu, haigeuki tena kirahisi. Aliyenunua boti ya mashine ili avushe vibarua anaweza kuvusha watalii kwenda Manda bila kubadili hata ubao. Aliyejenga safu ya vyumba vya kupanga ana kuta, na kuta hazihami. Ghala liko katikati, kwani huweza kupokea korosho au simsim, ila kwa kodi ndogo kuliko aliyoipigia hesabu.

Na wavuvi je? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo yao ya uvuvi yaliyoharibiwa na ujenzi. Hukumu nayo huzaa matarajio. Mvuvi anayengoja fidia haamui kama asiyengoja: huenda akaahirisha nyavu mpya, au akamkopa muuza duka akiweka dhamana ya pesa ambazo hajazishika. Na muuza duka, akiamini zitakuja, humkopesha.