"Enzaimu za ini zimepanda": maana yake hasa ni nini

Wiki ya kwanza ya Januari maabara za Moshi huwa na wateja wa aina moja. Mabasi ya Dar yameanza kujaa tena, waliokuja kula Krismasi nyumbani wanafunga mizigo na mikungu yao ya ndizi, na kabla mtu hajapanda gari anapitia mjini "kucheki ini". Wiki mbili alikuwa Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, akatembelea kila mjomba, na huko kwetu mjomba hamwachi mgeni aondoke koo kavu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, asubuhi, bia mchana kwenye nyama, pombe kali usiku kwa kisingizio cha baridi, kesho yake supu na chupa moja ya kuzimua. Sasa mwili hauna nguvu, chini ya mbavu za kulia anahisi kitu kizito, na usingizi haupati.

Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo wengi wao hukutana nami kwanza wakiwa kwenye tyubu. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembe hutulia chini na juu hubaki majimaji ya manjano mepesi, kama chai ya mchaichai. Za Januari mara nyingi haziko hivyo. Juu unakuta kitu cheupe, kizito, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Ni mafuta, zawadi ya pombe na nyama choma za siku kumi na nne mfululizo. Lakini mteja hayaoni hayo. Yeye anaona herufi H, yaani "juu ya mpaka", iliyochapwa kando ya namba.

Shemeji yangu mmoja alinitumia picha ya karatasi yake tarehe 6 Januari, siku mbili tangu glasi ya mwisho. Chini aliandika: "Shem, usinifiche. Ini limekufa?" AST 118, ALT 52, GGT 286, zote na H yake. Amenikubalia niitumie karatasi hiyo, mradi nisimtaje.

Tuanze na neno lenyewe. Enzaimu, ambazo shuleni tuliziita vimeng'enya, ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. ALT na AST hukaa ndani ya seli za ini na kazi yao ni humo humo. (Karatasi nyingine huandika SGPT na SGOT. Ni zilezile.) Seli huchoka na kufa kila siku, ndiyo maana hata mtu mwenye afya huwa nazo kidogo kwenye damu, chini ya yuniti 40 hivi kwa lita, ingawa kila maabara ina mpaka wake na huo ndio wa kuangalia. Pombe, virusi au dawa vikijeruhi seli, kuta zake hulegea na kupasuka, na kilichokuwa ndani humwagika kwenye damu. Huko ndiko kupanda.

Kwa hiyo kupanda ni kuvuja. Ukiingia kwa mama muuza mbege ukakuta sakafu imelowa chini ya pipa, umejua pipa linavuja. Hujajua zimebaki lita ngapi. Tena pipa lililokwisha halivuji hata tone, na hilo nitalirudia, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Anayetaka kujua kilichobaki anaangalia mistari mingine ya karatasi ileile, ambayo watu huiruka. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini kubwa ya damu. Ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu, na uwezo huo hupimwa kwa namba iitwayo INR, ambayo hupanda damu ikichelewa kuganda. Ndilo linaloondoa bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Ini likishindwa kazi, albumini hushuka, INR hupanda, bilirubini hujaa hadi weupe wa macho ugeuke njano. Shemeji alikuwa na albumini 41, INR 1.0 na bilirubini ya kawaida. Mistari mitatu mizuri kuliko yote kwenye karatasi, na hakuwa ameisoma hata mmoja kwa sababu haikuwa na H. Nikamjibu: halijafa, linavuja. Akaandika "Asante Mungu" na alama sita za mikono iliyofumbatwa.

Alishukuru mapema kidogo. Karatasi ilikuwa na maneno mengine.

La kwanza ni uwiano. AST yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ALT. Katika magonjwa mengi ya ini ALT ndiyo inayotangulia, lakini kwa pombe mambo hugeuka. Mnywaji hupungukiwa vitamini B6, ambayo ALT inaihitaji kuliko mwenzake, na pombe huchokonoa hadi zile sehemu za ndani kabisa za seli ambako AST nyingi imehifadhiwa. Jingine ni ukubwa wa namba. Pombe peke yake ni nadra kuipeleka AST kupita 400 hivi. Mtu akileta ALT ya 1,800 na kusema ni bia za Krismasi, daktari hatamwamini. Atatafuta homa ya ini ya virusi, au sumu ya dawa, na dawa inayoongoza kwa kushukiwa ni paracetamol. Ndiyo, ile Panadol ya kichwa cha asubuhi. Kwa kipimo sahihi ni dawa salama, ila ini lililozoea pombe kila siku huigeuza sehemu kubwa zaidi ya dawa hiyo kuwa sumu, huku akiba ya kuiondoa sumu hiyo ikiwa imepungua kwa pombe na kutokula. Nimeshaona mtu akimeza vidonge vinne kwa mkupuo akishushia na bia ya kuzimua. Hapo angalau aulize kwanza.

Kisha kuna wambea wawili, GGT na MCV. Shemeji aliniambia alikunywa "sikukuu tu". GGT ni enzaimu ambayo ini huitengeneza kwa wingi zaidi linapozoeshwa pombe, ingawa dawa za kifafa na kuziba kwa njia ya nyongo navyo huipandisha, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa kumfunga mtu. MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, na haimo hata kwenye kipimo cha ini. Imo kwenye kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu. Yake ilikuwa 102, juu ya mpaka wa 100 hivi. Upungufu wa vitamini za foliki au B12 pia hukuza chembe, lakini siku kumi na nne za pombe hazitoshi kufanya hivyo. Chembe nyekundu huishi siku 120, na ili wastani wake ubadilike lazima nyingi ziwe zimezaliwa wakati mtu yumo kwenye pombe. Nilimwuliza kwa adabu: shem, na Septemba ulikuwa unakunywa ngapi? Simu ikakaa kimya dakika kama tano, halafu: "Bia nne, tano. Jioni tu, baada ya kazi."

Jioni tu. Tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina pombe halisi gramu 20 hivi. Bia tano ni gramu 100. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 69, yaani zaidi ya bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa koti. Mbege haina lebo. Nguvu yake inategemea mpishi, ulezi na siku ilizokaa. Kwa kulinganisha, ushauri wa afya wa Uingereza ni kwamba mtu mzima asizidi yuniti 14 za pombe kwa wiki nzima, sawa na gramu 112. Bia sita za usiku mmoja zimeshapita hapo, na bado ni Jumatatu.

Hata hivyo si kila H ni ya pombe, na kumwita mtu mlevi kwa sababu ya karatasi ni kosa ambalo sisi wa maabara na ndugu wa nyumbani hulifanya kwa pamoja. Mipaka hupangwa kwa kupima watu wenye afya na kukata ncha mbili, hivyo mtu mmoja mzima kati ya 40 hivi atakuwa juu kidogo bila ugonjwa wowote. AST ipo pia kwenye misuli: mpagazi aliyeteremka jana kutoka mlimani na mzigo kichwani anaweza kuja na AST ya juu ilhali hajaonja hata mbege. Damu ikichomwa vibaya chembe zikapasukia kwenye tyubu, AST hupanda humo humo. Dawa za kifua kikuu hupandisha. Unene na kisukari hujaza ini mafuta bila tone la pombe. Na homa ya ini B ipo kwetu, inakaa kimya miaka mingi, kwa hiyo kila mwenye enzaimu za juu apimwe hiyo pamoja na C, hata kama anajua fika alikunywa nini. Pombe juu ya virusi ni moto juu ya petroli.

Sasa lile pipa lisilovuja. Ini likijeruhiwa miaka na miaka hujenga makovu, na makovu yakienea ndiyo huitwa ini kusinyaa. Kovu halina enzaimu za kumwaga. Ndiyo maana mtu aliyekunywa miaka 20 anaweza kupata ALT 33, akaagiza raundi ya kusherehekea, na ini lake likawa limekwenda mbali kuliko la shemeji. Hapo dalili ziko kwingine: chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) chini ya 150, albumini inayoshuka, wengu uliokua kwenye ultrasaundi. Mnywaji wa siku nyingi mwenye enzaimu safi asiridhike na enzaimu. Amwombe daktari aangalie hayo.

Kati ya kuvuja na kusinyaa kuna ini kujaa mafuta, na hapo ndipo walipo wengi wa Januari. Karibu kila anayekunywa sana kila siku hulipata. Habari njema, na kwa kweli ni njema, ni kwamba mafuta hayo huyeyuka mtu akiacha, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi sita. AST hushuka ndani ya siku chache, ALT hufuata, GGT huchukua wiki kadhaa. Ndiyo sababu karatasi moja haitoshi. Karatasi ya pili, baada ya mwezi au zaidi bila pombe, inasema mengi kuliko ya kwanza. Zisiposhuka, kuna kitu kingine, au mtu hajaacha. Dawa za kusafishia ini zinazouzwa kwenye chupa zilizotumika pale stendi sina hamu nazo: ini linajisafisha lenyewe likiachiwa nafasi, na baadhi ya mitishamba imeshawahi kuwa ndiyo iliyolijeruhi.

Kuacha nako kuna njia. Mtu wa bia tano "jioni tu", na hasa anayehitaji ya asubuhi ili mikono itulie, asikate ghafla peke yake chumbani. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona wadudu ukutani. Kijijini huitwa kurogwa, na wapo wanaokufa nako. Hospitali kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1, na hata shemeji nilimpeleka kwa daktari kabla ya basi, kwa sababu kwenye simu sauti yake ilikuwa inatetemeka na alisema ni mtandao.

Wapo pia wasiotakiwa kungoja karatasi yoyote: mwenye macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, tumbo linalojaa maji, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au anayeanza kusema yasiyoeleweka. Huyo ni hospitali, usiku huohuo.

Shemeji alipima tena Dar katikati ya Februari, wiki sita kavu. AST 31. ALT 28. GGT 74, bado ina H lakini inashuka. Albumini ileile. MCV 99, ndani ya mpaka lakini kwa shida, na hiyo ndiyo iliyomkera, maana alitaka ishuke zaidi. Nikamweleza kwamba baadhi ya chembe zilizopimwa siku hiyo zilizaliwa Desemba na bado zinazunguka. "Zitaisha lini?" Mwanzoni mwa Mei, nikamwambia, siku 120 tangu glasi ya mwisho. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza Pasaka ya mwaka huu inaangukia tarehe ngapi.