Besi ya pwani: nyuzi kwanza, ampu baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Mtwara ni la ampu. Mpiga besi wa kwaya ya Masasi, kijana wa bendi ya harusini hapa Magomeni, mwalimu wa kikundi cha sifa kutoka Newala, wote huanzia hapo hapo: "Fundi, besi yangu haivumi, ninunue ampu gani?" Mimi huomba kwanza nilione gitaa lenyewe. Nikipitisha kidole juu ya nyuzi kikatoka na rangi ya kutu, habari ya ampu tunaiweka kiporo.

Gitaa la besi la kawaida lina uzi wenye urefu wa inchi 34, kuanzia kile kipande chenye mifereji pale kichwani hadi darajani, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa pili. Ndicho kipimo alichotumia mtengenezaji wa magitaa Leo Fender kwenye besi yake, Precision Bass, ya mwaka 1951, na viwanda vingi bado havijakiacha. Uzi mrefu na mnene hivyo hautoi sauti moja. Ukipiga E, uzi mnene kuliko wote, bila kubana freti (vile vyuma vya kukata shingo), unapata sauti ya msingi ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na juu yake zinapanda nyingine ndogo ndogo: 82, 123, 165 na kuendelea. Besi ikisikika safi, masikio yako yanafaidi zaidi hizi za juu, zikiwa zimepangana vizuri juu ya ile ya chini.

Sasa uzi ukila kutu, jasho na mafuta ya vidole vikajaa kwenye mizingo yake, uzito wake haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti za juu zinazimika, na zile chache zinazobaki hazikai kwenye nafasi zake. Hapo gitaa linagoma kutuni. Uzi ukiwa wazi, programu ya kutuni kwenye simu inaonyesha uko sawa, ukibana freti ya saba umeshapanda, freti ya kumi na mbili unajua mwenyewe. Watu wanalaumu shingo, wanamlaumu fundi aliyetangulia, kumbe ni uzi umekufa.

Na huku kwetu nyuzi hufa mapema. Hewa ya bahari imejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Gitaa lililotundikwa ukutani Shangani, dirisha likitazama baharini, haliwezi kuzeeka sawa na lililofungiwa kabatini Newala juu ya uwanda. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, ndipo ninapoona kutu nyingi zaidi. Dawa ya kwanza haina gharama: ukimaliza kupiga, futa kila uzi juu na chini kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu. Pamba ya kanga iliyofuliwa miaka mingi inanyonya jasho kuliko vitambaa vingi vya dukani. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Viweke kwenye mfuko wa gitaa vinywe unyevu.

Wapo wanaochemsha nyuzi. Inasaidia, siwezi kukataa. Maji ya moto yanatoa mafuta na uchafu, na kwa siku kadhaa uzi unang'aa tena masikioni. Kuzilowesha kwenye spiriti usiku mzima ni bora zaidi, kwa kuwa hazibaki na maji ndani, ila uziweke mbali na jiko. Lakini kutu haichemki ikatoka. Uzi ukishakuwa na madoa mekundu, tupa.

Nyuzi nyingi zinazouzwa ni za mzingo wa duara, yaani waya uliozungushiwa juu ya kiini ni wa mviringo, ndiyo maana ukipitisha kucha unasikia mkwaruzo. Zilianza kushika soko la besi baada ya mwaka 1966, John Entwistle wa kundi la The Who aliposhirikiana na kiwanda cha nyuzi cha Rotosound kutafuta nyuzi zenye sauti ya kung'aa kama piano. Kabla ya hapo wengi walipiga nyuzi bapa, ambazo waya wake wa nje ni ukanda mwembamba uliolala, uzi mzima ukawa laini kama utepe. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia bapa za chapa ya La Bella kwenye Precision yake na alisifika kwa kutozibadilisha.

Kwa pwani yetu mimi ni mtu wa bapa, na nitabishana na yeyote. Uso wake hauna mifereji ya kuhifadhi jasho na chumvi. Sauti yake tangu siku ya kwanza ni nene na ya utulivu, kwa hiyo hata ikizeeka haipotezi mengi. Hazikwaruzi vidole wala hazili freti upesi. Kwa kwaya, dansi na rumba zinakaa mahali pake kabisa. Ubaya upo: bei yake mara nyingi ni maradufu au zaidi ya zile za duara, na mpaka uagize Dar es Salaam zije na basi. Tena kama unapiga kwa kuchapa nyuzi kwa dole gumba, bapa zitakuangusha. Wewe baki na duara na ujiandae kubadilisha mara kwa mara. Unene wa 45 hadi 105, tarakimu zinazoandikwa kwenye pakiti, unawafaa wengi.

Asiye na hela ya bapa nampa ujanja wa bei ya bure. Kata kipande cha sponji ya godoro, kiingize chini ya nyuzi karibu na daraja, kiguse kidogo tu. Sauti inakuwa fupi na ya duara, mlio wa chuma unapungua. Precision za zamani zilitoka kiwandani na sponji ya namna hiyo ndani ya kifuniko cha daraja, kwa hiyo usione aibu.

Ukishafunga nyuzi mpya, kazi ya shingo inaanza, na hapa ndipo wengi wanaogopa. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Ndani ya shingo kuna chuma kinachopingana na huo mvuto. Ukihama kutoka duara kwenda bapa, mvuto kwa kawaida unaongezeka, na msimu wa mvua mbao nayo inanywa unyevu. Shingo haiwezi kubaki kama ilivyokuwa. Kuna wateja wa Newala ambao gitaa lao linakuja safi kabisa na kuanza kusumbua likikaa wiki chache hapa chini.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uzi wenyewe ukawa rula. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nataka iwe kama milimita 0.3, na hiyo ni karatasi tatu za fotokopi zikiwekwa pamoja. Karatasi zikipita bila kugusa na nafasi bado ni kubwa, kaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko, halafu tuni upya ndipo upime tena. Zisipopita kabisa, legeza. Robo, narudia. Chuma kikikataa usikilazimishe. Kikikatika ndani, kukitengeneza kunaweza kukugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Kimo cha nyuzi kinafuata, kwa vile viskrubu vidogo vya darajani. Juu ya freti ya 12 ninaacha milimita 2.5 chini ya E na 2 chini ya G, uzi mwembamba kuliko wote, kisha nasikiliza. Vijana wengi wanataka nyuzi zilale chini kabisa ili vidole vikimbie. Zikilala mno, uzi unagonga freti kila ukitetemeka, na kila mgongano unaiba nguvu ya sauti ile ya chini. Ukiambiwa besi yako ni nyembamba, pandisha nyuzi nusu milimita kabla hujagusa kitu kingine. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Mwisho ni kulinganisha freti ya 12: gusa uzi juu yake bila kubana upate ule mlio wa kengele, kisha ubane upige. Ukibana ukawa juu zaidi, rudisha nyuma kikalio cha uzi pale darajani; ukawa chini, kisogeze mbele. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, nazo zisikaribie mno, maana sumaku huvuta uzi na sauti ikaanza kuyumba. Milimita 3 hivi kutoka uzi uliobanwa freti ya mwisho zinatosha kuanzia.

Gitaa sasa liko sawa, tunafika kwenye waya. Makanisa na kumbi nyingi za huku hazina ampu ya besi. Gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Hapa panaua sauti kimya kimya. Pikapu ya gitaa lisilo na betri inataka mlango wenye ukinzani mkubwa, kama ohmu milioni 1, na ampu ya gitaa imetengenezwa hivyo. Tundu la kawaida la mikisa, lile la kupokea kinanda, mara nyingi lina ohmu 10,000 hivi. Ukichomeka hapo, sauti za juu zinamezwa kabla fundi mitambo hajagusa kitu. Mikisa nyingine zina kitufe cha gitaa kwenye chaneli ya kwanza. Kitafute na ukibonyeze. Kama hakipo, weka katikati kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia gitaa na mikisa, chenye umeme wake, au hata pedali ya bei nafuu iliyowashwa. Gitaa lenye betri ya volti 9 halina shida hiyo, ila kumbuka kuchomoa jeki ukimaliza, maana jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa. Ikikaribia kuisha, sauti inakwaruza kama spika iliyopasuka, na nimeletewa spika isiyo na ubovu wowote kwa ajili ya hilo.

Kuhusu mvumo wa umeme: umeme wetu ni wa hezi 50, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hezi 49. Kwa hiyo ukishika hiyo G kwenye laini yenye mvumo, unasikia sauti ikipanda na kushuka kama mara moja kila sekunde. Kwenye Jazz Bass, besi nyingine ya Fender yenye pikapu mbili, fungua zote mbili sawasawa. Nyingi za siku hizi zimesukwa ili ziuane mvumo. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, hiyo ni dalili ya kawaida ya gitaa. Ukigusa ukapigwa shoti, zima kila kitu, mwite fundi umeme, muziki usubiri.

Halafu kuna nobu ya besi. Kila anayesimama nyuma ya mikisa anaizungusha hadi mwisho. Mikisa nyingi hufikia desibeli 15 za kuongeza, na hiyo ni kuitaka spika itoe nguvu mara 30 hivi kwa sauti hizo. Spika ya plastiki ya inchi 15 haina hiyo nguvu. Inachofanya ni kusukuma hewa, kupata joto na kufunika sauti za waimbaji. Hezi 41 yenyewe inaitoa kwa shida. Sikio ndilo linaloijaza lenyewe likipata zile 82 na 123 zikiwa wazi. Mimi naacha nobu ya besi katikati, napunguza kidogo pale kwenye hezi 250 ambapo kuna tope, naongeza kidogo karibu na 800. Ukisikiliza besi peke yake hivyo utaona kama ina mlio wa pua. Ngoja ngoma na vinanda viingie; ndipo kila noti inasikika hadi mlangoni.

Kwa ambaye ameshafanya haya yote na bado anataka ampu, ninamshauri kabati lenye spika ya inchi 15 au mbili za inchi 10, wati 300 za kweli, hata kama limetumika, kuliko jipya lenye tarakimu kubwa zilizobandikwa tu mbele. Alisikilize likiwa na G na D, siyo E peke yake.

Besi ya nyuzi 5 nayo imekuwa fasheni. Ile B ya chini ni hezi 31, na spika nyingi za kumbi zetu haziifikii kabisa, unabaki kuhisi kitambaa cha mbele kikitikisika. Kama wimbo unadai noti moja chini ya E, legeza E hadi D na upige kwa vidole karibu na daraja, ambako uzi ni mgumu na sauti inakaza.