Kodi ya jengo kwenye LUKU: deni ni la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji

Neno "kodi" linatubebesha mambo mawili kwa pamoja. Mpangaji humpa mwenye nyumba kodi kila mwezi, na mwenye nyumba naye anadaiwa na serikali kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021, kodi hiyo ya pili ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, mamilioni ya wapangaji Tanzania wamejikuta wakilipa zote mbili, na wengi hawajui kwamba ya pili si yao.

Tuanze na viwango. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa jengo la ghorofa mijini, kila sakafu hulipiwa 90,000 kwa mwaka, sawa na 7,500 kwa mwezi, kwa hiyo jengo la sakafu nne linadaiwa 30,000 kila mwezi. Makato hufanyika unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Kwenye risiti mara nyingi yanaonekana kama deni lililokatwa, ndiyo maana wapo wanaodhani wanalipia deni la umeme la mtu aliyehama.

Kisheria kodi hii inamhusu mmiliki wa jengo. Mita haijui nani ni mmiliki na nani ni mpangaji. Inamkata yeyote aliyenunua umeme. Serikali ilipoanzisha utaratibu huu ilieleza kuwa mpangaji aliyekatwa aelewane na mwenye nyumba ili arudishiwe. Hapo ndipo penye mgogoro, maana mpangaji wa chumba kimoja hana nguvu ya kudai 1,500 kwa mtu anayeweza kumpa notisi mwezi ujao.

Uzito wa 1,500 unategemea nani anailipa. Mteja wa kundi la matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hupata uniti moja kwa takriban shilingi 122 pamoja na VAT na tozo. Kwake 1,500 ni uniti 12 zilizopotea, na hata akimaliza uniti zake zote 75, ambazo ni kama 9,150, kodi inaongeza gharama yake kwa karibu asilimia 16. Mteja wa kawaida anayenunua uniti kwa takriban 356 anapoteza uniti nne tu. Sasa tazama upande wa pango, yaani ile kodi ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba. Nyumba inayopangishwa kwa 100,000 kwa mwezi inatozwa asilimia 1.5 ya pango lake. Nyumba isiyo ya ghorofa iliyoko Masaki, mtaa wa kifahari wa Dar es Salaam, inayopangishwa kwa 1,500,000 inatozwa kiasi kilekile, ambacho kwake ni asilimia 0.1. Kwa maoni yetu, tatizo kubwa la haki liko hapa kuliko kwenye mita: kiwango kimoja kwa nyumba zisizolingana thamani kinamwelemea mwenye kidogo, awe mpangaji au mmiliki. Kutoza kwa asilimia ya thamani kungekuwa na haki zaidi, ila kunahitaji uthamini wa kila jengo, kazi ghali ambayo halmashauri nyingi hazikuwahi kuikamilisha. LUKU ilishinda kwa sababu ni rahisi kukusanya.

Kwenye nyumba za vyumba vingi zenye mita moja, hali huwa mbaya zaidi. Vyumba sita, mita moja: mgawo wa haki ni shilingi 250 kwa kila chumba, na hata hizo zilipaswa kutoka kwa mwenye nyumba. Lakini anayewahi kununua umeme tarehe moja ndiye anayekatwa zote. Akinunua wa 2,000, anabaki na umeme wa 500, na wenzake wanamshangaa umeme umeishaje haraka. Ndipo watu huviziana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze mwezi.

Tatizo jingine ni nyumba moja yenye mita mbili au tatu, zote zikikatwa. Nyumba ya kawaida inadaiwa mara moja tu, hata ikiwa na mita nyingi. Mmiliki aende ofisi ya karibu ya TRA, Mamlaka ya Mapato, akiwa na namba za mita zote ili ziunganishwe na jengo moja, ibaki mita moja tu ya kukatwa. Mpangaji hawezi kumfanyia kazi hiyo. Anachoweza ni kumpa namba za mita na risiti zinazoonyesha makato mara mbili.

Lipo pia tatizo la malimbikizo. Nyumba ikikaa tupu miezi mitano, deni linafika 7,500. Mpangaji mpya ananunua umeme wa 10,000 siku ya kuhamia, anapata wa 2,500. Kabla ya kulipa pango, nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo mbele ya mwenye nyumba au dalali, msome risiti pamoja, na deni lililopo liondolewe kwenye pango la kwanza.

Kwenye mkataba, sentensi moja inatosha: "Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Kiasi chochote mpangaji atakachokatwa kupitia LUKU kitapunguzwa kwenye malipo ya pango yanayofuata." Wanaolipa miezi sita kwa mkupuo wapunguze 9,000 kila awamu. Hifadhi SMS za manunuzi ya umeme, maana ndizo ushahidi. Mwenye nyumba mjanja anaweza kupandisha pango kwa 1,500 mwaka unaofuata, na mahali ambapo vyumba ni haba atafanikiwa. Hata hivyo afadhali kodi iwe ndani ya pango mlilokubaliana, mkijua bei kamili, kuliko kushtukizwa kwenye mita.

Wamiliki nao wana haki zao. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, au mwenye ulemavu, anaweza kupata msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe isiyo ya biashara. Mita haijui umri wa mtu, kwa hiyo msamaha lazima uombwe TRA. Asiyeomba ataendelea kukatwa. Nyumba isiyo na umeme wa TANESCO haijasamehewa kwa sababu hiyo. Mmiliki wake hulipa kwa namba ya malipo anayopewa na TRA.

Usichanganye haya na kodi ya pango la ardhi. Hiyo inamhusu mwenye hati ya kiwanja, hukokotolewa kwa ukubwa, eneo na matumizi ya ardhi, na haipiti kwenye LUKU. Mwenye nyumba akikuambia uchangie hiyo pia, muulize imeandikwa wapi kwenye mkataba.