Kwa nini mizabibu ya Mosel huhama upande kila mto unapokata kona?

Ukipanda meli ya kitalii Trier, Ujerumani, ukateremka taratibu na mto Mosel hadi Koblenz unakoingia kwenye mto Rhine, kuna jambo utaliona kabla chai yako haijapoa. Ukingo mmoja umejaa mizabibu kuanzia karibu na maji hadi juu kilimani. Ukingo wa pili, mara nyingi, ni msitu. Meli inakata kona, na vimebadilishana: mizabibu iko huku, msitu uko kule. Kona inayofuata, vinarudiana tena. Na kona hazikosekani, maana ndege akiruka moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili hafikishi kilomita 100, ilhali meli inapita zaidi ya 190.

Nilipoona picha za bonde hilo mara ya kwanza, jibu nilikuwa nalo tayari: maji. Mtu analima kando ya mto ili apate maji. Nani asiyejua, hasa aliyewahi kuona bustani za mchicha bonde la Msimbazi? Niliwaeleza na wengine, tena kwa kujiamini.

Kosa lenyewe halihitaji mtaalamu kuling'amua. Mto una kingo mbili, na maji hayana upendeleo. Ingekuwa ni maji, mizabibu ingejaa pande zote. Halafu tazama inapopandwa: pale Calmont, juu ya kijiji cha Bremm, mteremko unafikia kama nyuzi 65. Paa la makuti lenyewe halisimami hivyo. Anayetaka kumwagilia hachagui ukuta, anachagua tambarare, na tambarare zipo. Zaidi ya hayo, mzabibu si mchicha. Mizizi yake hupenya nyufa za mwamba kwenda chini sana, na mvua za huko hazisubiri masika wala vuli, hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima.

Nikakimbilia jibu la pili, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa ni zuri: eti mto ni kioo kinachorudishia mizabibu mwanga wa jua. Lina ukweli, ila mdogo. Jua likiwa juu, maji humeza karibu mwanga wote na kurudisha asilimia chache tu. Yanarudisha mwingi jua likiwa limelala asubuhi na jioni, wakati ambao lenyewe halina nguvu. Safu za chini huenda zikanufaika kidogo. Lakini kioo hakiwezi kueleza kwa nini Calmont ilimwe hadi juu kabisa.

Jibu ni pembe. Washa tochi uielekeze ukutani moja kwa moja: unapata duara dogo, kali. Sasa ilaze pembeni. Duara linavutika kama yai, na mwanga unafifia, ingawa betri ni ileile. Ni kama kijiko kimoja cha siagi: ukikipaka kwenye slesi moja unaionja, ukikipaka kwenye mkate mzima unabaki kuhisi tu kwamba kulikuwa na siagi.

Mosel iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huko hukaa upande wa kusini daima. Katikati ya Oktoba, zabibu za Riesling zikiwa zinamalizia kuiva, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 32 tu kutoka upeo wa macho. Shamba la tambarare linapata siagi iliyopakwa mkate mzima. Mteremko wa nyuzi 45 ulioelekea kusini unalipokea jua hilohilo karibu uso kwa uso, na kila mita ya mraba inapata takriban mara 1.8 ya mwanga wa moja kwa moja. (Hiyo ni hesabu ya adhuhuri isiyo na mawingu, na Oktoba ya huko haina nyingi za namna hiyo.) Ajabu ni kwamba mwezi Juni, jua likiwa juu, tofauti karibu inatoweka. Mteremko hutoa msaada wake mkubwa mwishoni mwa msimu, ambapo zabibu zinauhitaji hasa. Dodoma, inayovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, haina shida hiyo: jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 60, hivyo tambarare inatosha.

Kwa hiyo mizabibu haifuati mto, inafuata kusini. Mto ukijipinda, upande unaotazama kusini unahama, na wakulima wanahama nao. Wana wasaidizi wengine: hewa baridi ya usiku huteremka bondeni badala ya kutuama juu ya majani, na mawe meusi ya tabaka, yaleyale ya vibao vya kuandikia vya shule za zamani, huhifadhi joto la mchana. Kwamba mawe hayo pia hutia mvinyo "ladha ya jiwe", wauzaji husema kwa uhakika kuliko wanasayansi.

Warumi waliwahi kufika na kulima hapa. Kaburi la karibu mwaka 220 lililopatikana Neumagen limechongwa kama meli iliyobeba mapipa ya mvinyo. Ila ushahidi ninaoupenda zaidi uko Wehlen. Kijiji kiko ukingo mmoja, na shamba lake maarufu, Wehlener Sonnenuhr, liko ng'ambo, ambako kilima kinatazama kusini-magharibi. Mwaka 1842 ilijengwa humo, katikati ya mizabibu, saa kubwa ya jua. Mtu wa kijijini aliyetaka kujua saa alitazama ng'ambo ya mto, kulikokuwa na jua.