Yale Maji Mekundu Kwenye Steki Si Damu

Steki inatoka jikoni, mteja anakata kipande cha kwanza, anaona maji mekundu sahanini, anamwita mhudumu: "Hii ina damu, irudisheni ikaive." Hapa Kigoma mjini maneno haya yamekuwa wimbo. Wanayasema wanaokula hotelini kwetu, wanayasema na waliotoka kula Dar es Salaam au Arusha, kwa uhakika uleule. Kuna dhana nyingine pia kuhusu sushi na tambi, nazo nitazigusa, lakini hii ya damu ndiyo inayoharibu nyama nyingi kuliko zote. Tuanze nayo.

"Ile ni damu"

Si damu. Ng'ombe anapochinjwa mishipa mikubwa ya shingo hukatwa na damu yake humwagika palepale machinjioni. Kinachosalia ni kidogo mno, kimenasa kwenye vijishipa, hakiwezi kutiririka sahanini. Unachokiona ni maji ya nyama yenyewe. Takribani robo tatu ya msuli ni maji, na ndani yake mna protini iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuuwekea msuli akiba ya oksijeni. Hiyo ndiyo nyekundu. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, ambayo ni protini nyingine na inakaa ndani ya chembe za damu. Ukitaka kuhakikisha kwa macho, kumbuka damu ikikingwa kwenye beseni huganda mabonge baada ya dakika chache. Maji ya steki yatakaa sahanini mpaka umalize kula na hayatafanya hivyo.

Kifua cha kuku ni cheupe kwa sababu kina mayoglobini kidogo. Ng'ombe mzee anayo nyingi kuliko ndama, ndiyo maana nyama yake imekoza. Na yale maji ya waridi yanayotuama chini ya mfuko ukitoka bucha ni hayohayo, ila hakuna anayeyalalamikia kwa kuwa anajua yanakwenda sufuriani.

Joto ndilo linalobadili rangi. Kiini cha steki kikiwa na nyuzi joto 52 za Selsiasi bado ni chekundu. Kwenye 57 kinakuwa cha waridi, kwenye 63 waridi inafifia, na kikipita 70 kinakuwa cha kijivu na maji yake hayana tena rangi. Lakini kufikia hapo nyuzi za msuli zimejikunja na kujikamua. Steki ya gramu 250 iliyopelekwa mpaka huko inaweza kupoteza robo ya uzito wake au zaidi, na kilichopotea ndicho kilichokuwa kiirahisishe kutafuna. Kisha mteja yuleyule anasema nyama ya hapa ni ngumu! Hakuna mpishi anayeweza kuyarudisha maji hayo.

Wapo wanaoirudisha kwa ajili ya dini, nao wanastahili jibu kamili. Aya ya 145 ya Suratul An'aam katika Kurani inataja damu iliyomwagika, yaani ile inayotoka mnyama anapochinjwa. Wekundu unaobaki ndani ya nyama ya mnyama aliyechinjwa kisheria haumo katika katazo hilo, na mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamelieleza jambo hili tangu zamani.

Hofu ya afya ndiyo yenye uzito, na hapa lazima nyama zitofautishwe. Kwenye kipande kizima, bakteria wanakuwa juu, mahali palipoguswa na kisu, mikono na meza ya bucha, na kikaango cha moto huwaua. Nyama ya kusaga ni habari nyingine kabisa. Mashine imeuchukua uso wa nyama na kuuchanganya mpaka katikati, kwa hiyo baga ipikwe mpaka nyuzi 71 ndani. Anayekula baga yenye waridi katikati halafu akakataa steki yenye waridi amekosea pande zote mbili.

Kisha kuna tegu wa ng'ombe. Mabuu yake hujificha ndani ya msuli, si juu, na ndiyo maana mkaguzi wa nyama hupasua misuli ya taya na moyo kuyatafuta kabla ya kugonga muhuri. Mabuu machache yanaweza kumpita. Huuawa na joto, au na friza ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 zisizokatika. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa nyama ya huku kwetu, usiagize steki mbichi ndani hata kama picha zake mtandaoni zinavutia. Agiza midiamu, kiini nyuzi 63, ikapumzike dakika 3 au zaidi kabla ya kukatwa. Bado itakuwa na maji, bado itakuwa na waridi kidogo. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wale iliyoiva kabisa.

Na wewe usiyetaka kuona waridi hata kidogo, una haki hiyo, ila chagua nyama inayokubali kuiva. Fileti ipasuliwe katikati iwe nyembamba, iive haraka kabla haijakauka. Au achana na steki, agiza nyama ya muundi au kidari iliyopikwa kwa moto mdogo saa tatu. Migahawa ya Kiitaliano ina vyakula vya namna hiyo, kama ossobuco, ambayo ni muundi wa ndama uliokatwa pamoja na mfupa wake. Nyama hizo zina tishu ngumu ambazo joto la muda mrefu huzigeuza kuwa ute laini. Steki haina tishu hizo za kutosha, ukiichelewesha motoni inakauka tu.

Jikoni, kipande kiwe na unene wa sentimeta 3. Kitiwe chumvi dakika 40 kabla, au papo hapo kinapoingia motoni. Katikati ya hapo usitie, maana chumvi inakuwa imeshavuta maji juu na hayajapata muda wa kurudi ndani. Kifutwe kikauke kabisa. Kikaango kizito cha chuma kipate moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Nyama igeuzwe kila dakika moja, ichomwe kipimajoto kutokea ubavuni mpaka katikati, itolewe ikifika 61. Ikipumzika dakika 5 hadi 7 inapanda yenyewe kwa nyuzi mbili tatu. Jiko lisilo na kipimajoto linabahatisha, na mteja anayekata steki sekunde ileile inapotua mezani ndiye anayeyamwaga yale maji anayoyaogopa.

Wapishi nao wana la kwao, kwamba moto mkali mwanzoni "unafunga" maji ndani. Haufungi kitu. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na vipimo vya baadaye vimelikataa. Sikiliza kikaango: kule kuchachatika kwa mafuta ni maji yanayoendelea kutoka. Moto mkali unatakiwa kwa ajili ya ganda la kahawia na ladha yake tu.

"Steki tamu ni ya ng'ombe wa leo"

Bucha zetu huuza nyama iliyochinjwa alfajiri, na kwa mchuzi haina shida. Kwa steki ni kosa. Msuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinja na huendelea hivyo kwa takribani siku nzima. Baada ya hapo vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuulegeza. Nyama ikae kwenye nyuzi 0 hadi 4, ndani ya mfuko uliotolewa hewa, siku 7 hadi 14. Ng'ombe wetu wametembea sana malishoni, misuli yao imekomaa, wanahitaji siku hizo kuliko wa kunenepeshwa. Umeme ukikatika usiku kucha na jokofu likapanda kupita nyuzi 5, zoezi limeisha. Nyama hiyo itupe. Na ukienda bucha usiombe steki tu, utapimiwa nyama yoyote isiyo na mfupa. Omba fileti, au sarara ya mgongoni, na usimame uone inapokatwa.

"Ziwa letu ni safi, migebuka wa asubuhi anafaa sushi"

Hii nayo inatisha, kwa sababu inatolewa kama fahari. Mtu ameona sushi ya samaki mbichi, anajua migebuka wa Ziwa Tanganyika wanashushwa alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, anajumlisha. Samaki kuwa freshi hakumwondolei vimelea, walikuwa ndani yake tangu anaogelea. Samaki wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo inayohamia kwa binadamu, na usafi wa maji unayoyaona kwa macho hausemi lolote kuhusu hilo.  Hata samaki wa baharini anayekusudiwa kuliwa mbichi kwa kawaida hugandishwa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Friza ya nyumbani kwa kawaida imewekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na ikifunguliwa kila mara haifiki hata hapo.

Limao, siki na pilipili havisaidii: samaki hubadilika rangi akaonekana ameiva, na vimelea hubaki hai. Wasabi, kile kikolezo kikali cha Kijapani, vilevile. Tena ile inayoletwa kwenye migahawa mingi duniani ni mzizi mwingine wa jamii ya haradali uliotiwa rangi ya kijani.

Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, samaki mbichi si sharti. Weka migebuka aliyechomwa akaiva, parachichi na tango, na umepata mlo kamili. Ila mchele wa kawaida wa hapa hautashikana, tafuta ule wa punje fupi.

Tambi na mengineyo

"Tambi hazijaiva" ni malalamiko ya aliyezoea tambi za maziwa na sukari. Spageti ya ngano ngumu hutolewa ikiwa bado inashikika jinoni, kwa sababu inamalizia kuiva ndani ya sosi. Gramu 100 kwa mtu, lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, na uonje dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mafuta kwenye maji hayazuii kugandana, koroga dakika mbili za mwanzo. Usizisuuze, ile wanga ndiyo inayoshika sosi. Na sosi ya spageti iitwayo karbonara, ile ya Roma, haina krimu, ni mayai, jibini na pilipili manga, pamoja na shavu la nguruwe.

Hapo kwenye nguruwe ndipo Waislamu wanaokula nje wangeuliza maswali, badala ya kuhangaika na rangi ya steki. Peperoni, ile soseji kavu ya kwenye piza, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe isipoandikwa vinginevyo. Sosi ya pilipili manga inayomwagiwa steki mara nyingi huungwa kwa brandi. Teriyaki, sosi tamu ya Kijapani, hutiwa mirin, mvinyo mtamu wa mchele, ambayo ile halisi ina kilevi cha takribani asilimia 14, na kuchemsha hakukimalizi chote. Hata sosi ya soya iliyochachushwa ina kilevi kidogo cha uchachu. Muulize mpishi, si mhudumu, na uulize kabla hajawasha jiko: umetia nini kwenye sosi?