Je, wajua kwa nini maji hupanda ndani ya glasi mshumaa unapozimika?

Jaribio hili ni la kale mno. Philo wa Byzantium, mhandisi Mgiriki wa kale, alilieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo watoto hulishangaa. Mshumaa husimamishwa katikati ya sahani yenye maji, huwashwa, kisha hufunikwa kwa glasi. Baada ya muda mfupi mwali hufifia na kuzimika, na maji ya sahani huingia chini ya glasi na kupanda.

Karibu kila mara mtoto huambiwa hivi: moto umekula oksijeni yote, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo maji yamepanda kujaza moja ya tano iliyobaki wazi. Maelezo haya ni rahisi kukumbuka, lakini si sahihi, na mtoto mwenyewe anaweza kuyapima.

Mshumaa haumalizi oksijeni. Huzimika oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 16, yaani sehemu kubwa bado imo ndani ya glasi. Hata ile iliyotumika haiachi pengo tupu. Nta inapoungua, kila molekuli tatu za oksijeni hutoa takriban molekuli mbili za kabonidioksidi na mbili za mvuke wa maji. Zimeingia tatu, zimetoka nne: moto ukiwaka, gesi inaongezeka! Mvuke ukishapoa na kuwa matone kwenye kioo, hubaki mbili mahali pa tatu, na upungufu wote haufiki asilimia 2 ya hewa iliyofunikwa. Kwenye glasi ya kimo cha sentimita 14, huo ni mpando usiofika milimita 3. Ni kweli kabonidioksidi huyeyuka kwenye maji, lakini polepole mno. Haiwezi kueleza maji yanayopanda kwa sekunde chache.

Halafu tazama wakati. Kama oksijeni ndiyo sababu, maji yangepanda taratibu tangu mwanzo, kadiri moto unavyoila. Sivyo inavyokuwa. Mshumaa ukiwaka maji hukaa karibu palepale, na mara nyingi mapovu hutoka chini ya ukingo wa glasi. Mwali ukikaribia kufa ndipo maji hukimbilia ndani. Rekodi kwa simu na urudishe picha polepole, mpangilio huo utauona wazi.

Kinachofanya kazi hapa ni joto. Fikiria chumba kilichojaa watu waliosimama kimya, bega kwa bega. Muziki ukianza, kila mmoja anataka nafasi ya kurusha mikono, na chumba hakitoshi. Walio karibu na mlango wanasukumwa nje. Muziki ukikoma, waliobaki wanatulia, na sasa wapo wachache kuliko mwanzo. Nafasi imebaki, na walio nje wanaosongamana mlangoni wanaingia. Molekuli za hewa ndio hao watu, na moto ndio muziki. Hewa ya nyuzijoto 27 ikipashwa moto hadi 77, moja ya saba yake lazima itoke ili mgandamizo ubaki uleule. Hayo ndiyo mapovu. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na mvuke unageuka matone, mgandamizo wa ndani unashuka, na hewa ya nje inayokandamiza maji ya sahani inayasukuma ndani. Maji hayavutwi na kitu chochote kilichomo kwenye glasi. Yanasukumwa kutoka nje. Mgawanyo kati ya hewa kupoa na mvuke kugeuka matone hubadilika kwa glasi na mshumaa, kwa hiyo usitafute namba moja ya kudumu.

Kulifanya, tumia sahani bapa yenye ukingo, maji mililita 300 na matone machache ya rangi ya chakula ili mpando uonekane. Mshumaa uwe mnene, wa sentimita 5 hivi, umegandishwa kwa nta yake kwenye sahani kavu kabla ya kumimina maji. Usipogandishwa utaelea na kuanguka. Glasi iwe ndefu, ncha ya mwali ibaki mbali na kitako kwa sentimita 5 au zaidi, la sivyo kioo kinaweza kupasuka. Weka sarafu tatu ili ukingo wa glasi ukalie juu yake, kwa sababu ukingo ukigusana kabisa na sahani maji hayapati njia. Maji yakiwa machache, hewa hupenya chini ya ukingo na mpando hukatika. Mtu mzima ndiye anayewasha na kufunika, mikono ya nguo ikiwa imekunjwa na nywele zimefungwa nyuma. Mtoto amimine maji, ahesabu sekunde na atie alama kwenye kioo.

Sasa rudia kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni ni ileile, lakini maji hupanda zaidi, kwa sababu hewa imepashwa moto zaidi kabla ya kufungiwa. Hapo dai la moja ya tano linaanguka mbele ya macho ya mtoto.

Kwa mdogo ambaye hutaki akae karibu na moto, jaza maji ya bomba ya moto kwenye mtungi wa kioo, subiri nusu dakika, mwaga, kisha uinamishe haraka kwenye sahani ya maji baridi. Maji yatapanda kidogo, na hapakuwa na kitu chochote kilichoungua.

Anayetaka kweli kuona sehemu ya oksijeni atumie kutu. Kutu ni yabisi: inachukua oksijeni bila kurudisha gesi nyingine. Chukua stilwaya laini ya kusugulia sufuria, ya aina inayoshika kutu, iloweke kwenye siki kwa dakika mbili ili mafuta ya kiwandani yatoke, ikamue, ipenyeze hadi kitako cha glasi ndefu, kisha ifunike glasi kwenye sahani ya maji juu ya sarafu zilezile. Baada ya siku moja au mbili maji yatakuwa yamefika karibu moja ya tano ya kimo. Yakikomea chini zaidi, pengine stilwaya ilikuwa chache au ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Ongeza maji kwenye sahani kila yanapopungua, na soma alama ya mwisho chumba kikiwa na joto lilelile la mwanzo, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 3 tu husogeza ujazo wa hewa kwa asilimia 1.