Kwa nini programu ya terminali haijui tofauti ya Tab na Ctrl+I

Swali hili hunifikia mara kwa mara kutoka kwa wanaoanza kuandika programu za terminali, yaani dirisha la maandishi matupu la kuandikia amri: "Nimeweka Ctrl+I ifungue maelezo, mbona nikibonyeza Tab maelezo yale yale yanafunguka?" Wengi hudhani maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) waliyotumia ina hitilafu. Haina. Kwa terminali, Tab na Ctrl+I ni kitu kimoja: baiti namba 9.

Chanzo ni ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba, na teletaipu, mashine za zamani za kutuma na kuchapa maandishi. Ukishika Ctrl, namba ya herufi ilipunguzwa 64. I kubwa ni 73, toa 64, inabaki 9. M inakuwa 13, ambayo ndiyo Enter. Mabano ya mraba yanayofungua yanakuwa 27, yaani Esc. Shift haina pa kukaa katika hesabu hiyo, kwa hiyo kwa kawaida Ctrl+Shift+A hufika kama Ctrl+A. Na kitufe kikiachiwa, hakuna kinachotumwa. Anayetengeneza mchezo hana njia ya kujua kama mchezaji bado ameshikilia mshale wa kulia, anabahatisha tu.

Esc ndiyo inayonikera kuliko zote. Terminali zetu za leo zinaiga VT100, kifaa ambacho kampuni ya DEC ilikitoa mwaka 1978. Humo, mshale wa juu haukupewa baiti yake, hutumwa kama baiti tatu: Esc, kisha [, kisha A. Sasa baiti 27 ikiingia, je, mtu amebonyeza Esc, au huu ni mwanzo wa mshale? Hakuna cha kukuambia. Programu inabaki kusubiri kidogo ione kama kuna kinachofuata. Maktaba ya ncurses, inayotumiwa kuandika programu za terminali, usipoibadilisha, husubiri milisekunde 1000, sekunde nzima. Ukipunguza muda, Esc inakuwa nyepesi, lakini anayeingia kwenye seva ya mbali kwa SSH kupitia mtandao wa simu unaosuasua atabonyeza mshale, baiti zifike zimeachana, na programu isome Esc ikifuatwa na takataka. Mimi huweka milisekunde 50. Wenye mtandao mbovu wananilalamikia, na wana haki.

Kibaya zaidi, majibu ya terminali yenyewe hupita katika bomba hilo hilo la vitufe. Ukitaka kujua kishale cha kuandikia kiko wapi, unatuma Esc[6n. Kikiwa mstari wa 1, safu ya 2, jibu ni Esc[1;2R. Bahati mbaya, katika terminali iitwayo xterm mtu akibonyeza Shift+F3, kinachotumwa ni Esc[1;2R. Herufi kwa herufi! Na ukiuliza terminali isiyoelewa swali lako, haikwambii kwamba haielewi. Inanyamaza, nawe unarudi kwenye kusubiri kwa kuhesabu muda.

Kipanya kina vituko vyake: mfumo wa zamani uliweka kila namba katika baiti moja baada ya kuongeza 32, ukaishia safu ya 223. Hilo lilishatatuliwa. Upana wa herufi bado. Bendera ya Tanzania katika Unicode, orodha ya leo ya namba za herufi zote, ni alama mbili zilizoungana, na programu yako inaweza kuihesabia nafasi tofauti na terminali. Hapo jedwali lote linapinda kuanzia mstari huo.

Kuna tiba. Terminali ya kitty ilileta utaratibu mpya wa kibodi ambao hutenganisha Tab na Ctrl+I, hutaja Shift, na hata hutoa taarifa kitufe kikiachiwa. F3 nayo ilibadilishiwa msimbo kwa sababu ya ule mgongano. Ghostty, foot na terminali nyingine zimeufuata. Ila si kila terminali inaujua, na ukiwa na tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa nyingi) katikati, nayo lazima ikubali kupitisha.

Kwa hiyo ninapopanga vitufe, siweki kazi yoyote kwenye Ctrl+I, Ctrl+M, Ctrl+[ wala Ctrl+H, maana hiyo ya mwisho katika terminali nyingine ndiyo kitufe cha kufuta. Ctrl+S nayo naikwepa: bila kuzima udhibiti wa mtiririko (njia ya zamani ya kusimamisha maandishi yanayotoka) inagandisha skrini, na wachache wanajua kwamba Ctrl+Q huifungua. Amri nyingi nazipa herufi tupu, kama kihariri cha vi kilivyofanya. Na popote ninapotumia Esc kufunga dirisha, naweka pia q.